Fundo Lililokosekana: Maisha ya Desmond Zanker, 1966–2025

Desmond Albert Zanker, tunayemzika leo, alizaliwa Dimboola tarehe 4 Agosti 1966, mtoto wa pili wa marehemu Clarrie na Edna Zanker, wakulima wa ngano. Wasifu huu nimeuandika mimi, mkewe, Lorelle. Chama chake cha wapanda miamba kiliniletea wa kwao, umechapwa vizuri, unasema alikufa kwa ajali isiyozuilika, akifanya alichokipenda. Nimewarudishia.

Marehemu alisoma shule ya msingi hapo Dimboola, kisha ya ufundi Horsham, akaacha akiwa na miaka kumi na sita. Alijifunza kuchomelea vyuma, na hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake mpaka mwisho: mashine za kuvunia na maghala ya nafaka. Kazini alikuwa mwangalifu. Hakupanda ghala bila kukagua ngazi, na mfanyakazi aliyeleta mzaha huko juu alirudishwa nyumbani siku hiyo hiyo. Uangalifu huo aliuacha kazini kila Ijumaa jioni.

Tulifunga ndoa katika kanisa la Kilutheri, Natimuk, tarehe 17 Aprili 1993. Asubuhi alipitia kwanza Mlima Arapiles, akafika kanisani mikono myeupe kwa chaki wanayopaka wapandaji ili wasiteleze. Mama yangu akamtazama. "Mkwe, umetoka kupaka chokaa nyumba ya nani?"

"Mama, nilikuwa naaga ujana."

Mama alicheka sana. Ujana wenyewe hakuuaga. Jumamosi na Jumapili zilikuwa za mwamba, na watoto wetu wawili niliwalea mimi.

Mwaka 2016 rafiki yake Garth Pellow alikuwa chini akimshusha kwa kamba iliyopitishwa kwenye pete juu ya mwamba. Kamba haikutosha kupanda na kushuka mwamba ule, ncha yake ikachomoka kwenye kifaa cha kushushia mikononi mwa Garth, na Des akaanguka vichakani, akavunjika kifundo cha mguu. Fundo moja tu kwenye ncha ya kamba lingekwama kwenye kifaa hicho na kumzuia. Kila mpandaji anajua hivyo.

Chama kina desturi yake. Kila Desemba, aliyefanya kosa la kijinga kuliko wote hupewa kiatu kikuukuu kilichopakwa rangi ya dhahabu, na hunywa bia humo. Akishakunywa, kosa limekwisha. Kulitaja tena ni kuharibu sherehe. Mwaka ule kiatu kilikuwa cha Des.

"Des, hata kamba imekukimbia!" mmoja akapiga kelele.

"Afadhali mimi. Wewe ulikimbiwa na mchumba."

Nikamgeukia Garth, tuliyekaa naye meza moja. "Siku hizi mnafunga fundo?"

"Shemeji, hilo tumeshalinywa. Liache."

"Sikuuliza mlichokunywa."

"Fundo ni la wanafunzi, shemeji. Sisi kamba yetu tunaijua."

Des akanikanyaga mguu chini ya meza.

Jumapili tarehe 9 Machi mwaka huu walikwenda tena Arapiles. Wakati wa baridi mwaka jana Garth alikuwa amezikata ncha za kamba zilizochakaa, kama inavyotakiwa, lakini hakuipima upya, wala hakumwambia Des kwamba imepungua. Fundo hawakufunga. Kofia ngumu ya kukinga kichwa Des aliiacha ndani ya gari kwa sababu ya joto. Ncha ikachomoka tena, na safari hii chini palikuwa na mawe.

Alipelekwa hospitali Melbourne kwa helikopta. Jumanne alizinduka kidogo, akamwona Garth kando ya kitanda. "Kiatu changu tena mwaka huu, siyo?" Garth akacheka, halafu akatoka nje, hakurudi. Mume wangu alifariki Alhamisi tarehe 13 Machi, mimi nikiwa nimemshika mkono. Alikuwa na miaka hamsini na minane.

Jumamosi hii chama kitapanda mwamba ule ule kwa heshima yake. Binti yetu Tamsin atakwenda. Nimemsihi asiende, amekataa. Ni mtoto wa baba yake. Atakayemshikia kamba ni Garth, kwa sababu Tamsin mwenyewe amemchagua, akisema baba alimwamini.

Basi sikumpangia Garth kusoma sala wala kusimulia vichekesho. Baada ya wasifu huu atasimama hapa, karibu na jeneza, amweleze Tamsin walichokosea mara ya kwanza na walichokosea mara ya pili. Aeleze vyote, na asiruke kitu. Amekubali. Nawaomba wanachama msimpigie makofi na msimcheke.

Marehemu ameacha mjane, Lorelle, binti, Tamsin, mwana, Heath, aliyetoka Perth, na dada yake, Verna Schier wa mji wa Rainbow.

Des, pumzika kwa amani. Sisi wengine tukae tumsikilize Garth.