Alichokificha Shangazi Wakati wa Posa

Wanajumuiya, amani kwenu. Leo nimeomba nishukuru kabla hatujagawana chai.

Mnaikumbuka ile pombe ya ulezi niliyopika hapa Kizwite, nikaalika mtaa mzima kwenye harusi ya binti yangu? Binti mwenyewe alikuwa darasa la nne. Msicheke, wengine wenu mlikunywa. Nilikuwa silali, najiona naweza kulima Ufipa nzima peke yangu. Kisha nikaanguka. Nililala nimegeukia ukutani mpaka mahindi yakaozea shambani, na nilitamani kufa.

Ndugu zangu, mnatujua sisi: akasingiziwa jirani kwamba ameniroga. Mume wangu akanizungusha kwa waganga hadi Laela, nikarudi na chale tu. Mwishowe akanipeleka hospitali. Daktari akauliza, "Kwenye ukoo wenu kuna aliyewahi kuugua hivi?"

Nikasema hakuna. Baba alikufa ningali mchanga, sikuwahi kuambiwa kitu.

Shangazi yangu wa Kaengesa, aliyekuja kuniuguza, akainamisha kichwa. "Yupo. Baba yake. Na bibi yake pia. Mkwe wangu, mlipokuja kuposa mliuliza kama kwetu kuna wazimu, nikakana. Niliogopa mtamwacha."

Nawaambia, nilijua ndoa yangu imekwisha. Mume wangu akakuna kidevu, akasema, "Shangazi, ungesema mapema nisingehangaika na waganga. Huyu ni mke wangu. Daktari, endelea."

Daktari akatueleza kwamba ugonjwa unaitwa baipola, wa moyo kupaa mno kisha kuzama mno, unatembea katika damu ya ukoo, ila si kila mtoto huupata. Kujua wa kwetu waliougua kukamsaidia kunitibu. Vidonge nameza hadi leo, nalima, na usingizi napata.

Juzi wazazi wa kijana mmoja walikuja kumposa huyo binti yangu, ambaye sasa ni mtu mzima. Nikawaambia yote: kwetu ugonjwa huu upo, una dawa, unaweza kumfika mtoto wetu au usimfike. Wakichukia, waondoke sasa.

Mama wa kijana akashusha pumzi. "Afadhali umeanza wewe, dada. Kwetu kuna kifafa, tulikuwa hatujui tuseme vipi."

Shangazi, nakushukuru kwa kusema, hata kama ulichelewa. Mume wangu, Mungu akutunze. Nanyi mlionipalilia shamba msimu uliofuata nikiwa bado kitandani, asanteni sana. Wenzangu, watoto wakiuliza habari za ukoo, waambieni.

Harusi ni baada ya mavuno. Njooni wote, safari hii bwana harusi yupo.