Maji ya Dodoma Hayafiki Mia

Asalaam aleikum. Bwana asifiwe. Na ninyi msioitikia popote, habari za mchana. Wakubwa zangu, shikamooni.

Mama mwenyekiti wetu wa mtaa kaniomba nisimame nitoe ushuhuda wa kutia moyo. Kanifuata mpaka nyumbani, kanielekeza nimalizie na msamaha ili watu waondoke hapa na amani. Nimemsikia. Mimi nimekuja kusema yaliyonipata, na atakayepata amani humo ataondoka nayo.

Sitamtaja mtu jina. Lakini humu ndani wapo wanaojijua, na nitakuwa nawaangalia.

Mnanifahamu. Ni yule wa nyumba ya mwisho, njia ya kwenda Msalato. Mrangi wa Kondoa, sina mume, nasoma tangu mlipoanza kuniona. Nilikuwa nasomea PhD ya uhandisi wa joto. Mama yangu aliposikia mwanawe atakuwa daktari akatangaza mtaa mzima, nikawa nikienda likizo naletewa watoto wenye homa. Nawaambia mimi ni daktari wa joto. Wananijibu, basi si ndiyo homa hiyo.

Chekeni, chekeni sasa hivi.

Kazi yangu ilikuwa kaushio la jua la zabibu. Kule Makutupora zabibu zikiiva zinaiva zote pamoja, wanunuzi wanaleta bei ya dharau, nyingine zinaozea shambani. Kaushio ni sanduku kubwa la kioo na bati jeusi. Jua linapasha hewa, hewa inapita juu ya trei, zabibu inakauka, mkulima anaihifadhi mpaka auze kwa raha yake. Ndani tunatandaza vipimajoto vya waya vinavyotusomea joto kila kona. Ndiyo kazi hiyo, wala haina uchawi.

Msimamizi wangu alikuwa mtu mkubwa, kila mtu idarani kwetu chuoni anamwita Mzee. Alikuwa na jedwali lake, alilolipima huko alikosomea ng'ambo: kaushio likifika joto hili, toa zabibu baada ya muda huu. Jedwali hilo limemzungusha mikutano ya nchi nyingi. Mimi nilitakiwa nilitumie kujenga kaushio kubwa zaidi, niandike, nihitimu.

Nikakausha kwa jedwali. Nikatoa zabibu, nikafunga mifukoni. Zikaota ukungu. Mzee akasema niliacha mlango wazi. Nikarudia, safari hii nimekaa mbele ya mlango ule mwenyewe kama mlinzi. Ukungu. Akasema sisi wanawake wa siku hizi tunasoma huku tumeshika simu. Nikarudia tena, ukungu ule ule.

Ndugu zangu, nawaambia, ukikosea mara moja unajilaumu. Ukikosea vile vile kila mara, unaanza kutazama vyombo.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa, maana ndipo mambo yote yalipolala. Pale maabara kuna karatasi imebandikwa ukutani, tumeikuta. Inaeleza jinsi ya kurekebisha vipimajoto. Vitie kwenye barafu inayoyeyuka, weka sifuri. Vitie kwenye maji yanayochemka, weka mia. Kila mwanafunzi mpya anafanya hivyo kabla hajagusa kitu kingine, na hakuna anayeuliza, kama ambavyo hakuna anayeuliza kwa nini tunasalimiana. Karatasi hiyo aliiandika Mzee mwenyewe akiwa kijana, ndiyo kwanza karudi kutoka masomoni, na huko alikosoma ni mji wa kando ya bahari. Kando ya bahari maji yanachemka kwenye mia kweli.

Hapa ni pwani, jamani? Hapa tuko juu. Ukiwa juu, uzito wa hewa unapungua, na maji yanachemka kabla hayajafika mia. Hapa Dodoma ni tisini na sita na kitu. Ninyi mliohamia na ofisi kutoka Dar, mliolalamika kwamba maharage ya huku yanakula mkaa, ndiyo sababu hiyo.

Na Mzee analijua hilo! Kila mwaka analiandika ubaoni kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Ila ubaoni ni ubaoni, ukutani ni ukutani. Vipimajoto vyote vya maabara ile vikawa vinatia chumvi. Kaushio liko sitini, kipimajoto kinakusomea sitini na mbili na zaidi. Jedwali linakwambia toa, unatoa, kumbe zabibu bado ina maji ndani.

Nikahitaji kipimajoto ambacho hakijawahi kupita kwenye ule ukuta. Kuna mwenzetu, mwalimu wa kemia sekondari, yuko pale nyuma anainamisha kichwa ili nisimwangalie. Akanipa cha kioo cha shuleni kwake. Nikawa nakaa uani kwangu na sufuria na barafu. Nachemsha, napima, namwaga, nachemsha tena. Barafu, sifuri sawasawa. Maji yanatokota kabisa, tisini na sita.

Na mlikuwa mnachungulia. Mkasema yule dada anachemsha maji mchana kutwa, hapiki chai, hapiki ugali, anayatazama tu na kuyamwaga. Mkasema kasoma mpaka kachanganyikiwa. Mwingine, naye leo kavaa kitenge kizuri sana, akasema namtengenezea mtu mambo ya kienyeji. Sikuwajibu siku ile.

Nikampelekea Mzee. Nilikwenda kwa adabu zote, shikamoo Mzee, nina jambo dogo. Nikamwonyesha vipimo. Nilidhani atafurahi, maana tumejua kwa nini zabibu zinaoza! Alisoma, akavua miwani, akaniuliza taratibu:

"Huko kwenu Kondoa maji yanachemka kivyake?"

Nikamwambia Kondoa sijapima, nimepima hapa. Akasema nimepika data. Akanipa njia moja: nichukue namba zangu nizirekebishe zilingane na jedwali, atatia saini, nihitimu, niolewe kabla umri haujaniacha. Nikikataa, nisimpotezee muda.

Mnajua nilichokuwa nacho mkononi pale? Nilikuwa na ruhusa ya masomo kutoka kazini, na kazi yenyewe imesimama juu ya hiyo PhD. Nikikosa, narudi nilikotoka nikiwa si daktari wa homa wala wa joto. Na nikiandika uongo, mkulima wa Makutupora atajenga kaushio kubwa kwa jina langu na mazao yake yote yaote ukungu. Nikamwambia hapana, Mzee.

Kesho yake ufunguo wa maabara haukuingia kwenye kitasa, kimebadilishwa. Fundi wa maabara, niliyekuwa namwita kaka, tulikuwa tunakula naye sahani moja, nilimgongea dirisha. Akaangalia simu yake mpaka nikaondoka. Kwenye kikao cha idara Mzee akatangaza kwamba kuna mwanafunzi kaghushi matokeo. Wenzangu wakaanza kupita njia nyingine wakiniona. Habari ikafika huku mtaani haraka kuliko mimi, nikapanda basi kwenda Kondoa.

Sikwenda kupumzika. Nilikwenda kujificha. Nililala kwa mama, sigusi chakula, sitaki mtu, nageukia ukuta. Mama akanivumilia. Halafu uvumilivu ukamwisha, na mama yangu hajui kubembeleza. Alitoka shambani na jembe lake, akasimama mlangoni.

"Ulichokipima ulikipima kweli au hukupima?"

Nikasema nilipima.

"Watu wote hapa nimewaambia mwanangu ni daktari. Sasa unataka mimi nikawaambie nini? Basi la asubuhi lipo."

Akaondoka na jembe lake. Nililia, kisha nikafunga begi.

Nikarudi, nikaandika malalamiko kwa kamati ya masomo ya juu. Waliniita baada ya kunichosha kwelikweli. Mwenyekiti wa kamati ni mama mmoja profesa wa fani nyingine kabisa, simjui, hanijui. Mzee naye yupo, kakunja nne. Wakaniuliza nina nini cha kusema. Nikasema sina maneno, nina sufuria. Nikaomba jiko la umeme na barafu.

Wakatazamana. Barafu ikaletwa kutoka kantini. Kipimajoto cha mwalimu wetu kwenye barafu, sifuri. Maji yakatokota mbele yao, yanarusha matone mezani. Tisini na sita. Mzee akasema hicho ni kioo cha kuchezea watoto wa sekondari. Hapo niliogopa, nakiri, maana sikuwa na kingine.

Yule mama akamwambia, "Profesa, basi tuletee unachokiamini wewe."

Akaenda mwenyewe. Akarudi na kipya, bado kiko kwenye boksi lake, hakijawahi kurekebishwa na mtu. Akakitia kwenye barafu kwa mkono wake. Sifuri. Akakitia kwenye maji. Tukasubiri, kikapanda, kikapanda, kikasimama. Akakigonga na ukucha, hakikusogea. Akasema labda umeme ni mdogo.

Yule mama akauliza, "Maji si yanachemka?"

Maji yalikuwa yanachemka mbele ya kila mtu, na kipimajoto alichokileta mwenyewe kinasema tisini na sita.

Nilibadilishiwa msimamizi. Nikarudi maabara, nikarekebisha vipimajoto vyote upya, nikaandika jedwali langu, nikakausha. Zile zabibu ninazo mpaka leo kwenye chupa nyumbani, kavu, tamu, hazina hata doa. Nimehitimu. Wakulima wa Makutupora wanakausha kwa jedwali langu. Karatasi ya ukutani niliibandua kwa kisu, maana gundi yake ilikuwa ya zamani.

Sasa shukrani. Namshukuru mwalimu wetu wa kemia, aliyenipa kipimajoto bila kuniuliza kama nimechanganyikiwa. Inua kichwa, dada, watu wakuone. Namshukuru mama mwenyekiti wa kamati, aliyekubali kusubiri maji yachemke, maana wakubwa wengi hawawezi hata hilo. Namshukuru mama yangu kwa kunifukuza. Namshukuru Mungu, ambaye hakutia saini yake kwenye jedwali la mtu. Orodha imeishia hapo, msiangaliane.

Funzo mnalitaka? Mkimwona mtu anafanya jambo msilolielewa uani kwake, mlango wake mnaujua. Bisheni hodi, mumuulize. Mimi nilikuwa nangoja mtu abishe hodi. Ningemkaribisha, ningemwonyesha, tungecheka. Hakuja hata mmoja, mkanipa wazimu na uchawi kwa mpigo, na kile kipindi nilikuwa peke yangu kabisa. Iliniuma. Inaniuma hata nikiisema hapa.

Mama mwenyekiti, najua unangoja msamaha. Juzi nilikutana na Mzee kwenye ngazi. Akaniita Daktari, kwa pembe ya mdomo. Nikampa shikamoo, kwa sababu ya umri wake, na nikapita. Shikamoo nitampa kila siku, nimelelewa. Hilo lingine aje aliombe, mwenyewe, kwa mdomo wake. Hajaomba. Ninyi pia hamjaomba.

Nasikia kule nyuma chai imechemka. Nitakaa hapa mbele, kwenye kiti hiki. Naomba kikombe changu kiletwe na wale waliosema nachemsha maji bila majani. Sina haraka, nimezoea kungoja.