Sanamu Yangu Ilivyooza Ndani

Wapendwa, mchungaji amenipa dakika chache niseme Mungu amenitoa wapi. Amenitoa kwenye majivuno, na majivuno yangu yalikuwa na harufu.

Mnajua nilitoka hapa Sotik kwenda chuo kusomea sanaa. Mwaka wa tatu nikaamua kutengeneza kitu ambacho hakuna mtu amewahi kuona: mwanamke mchuma chai, mrefu kupita mlango, niliyemfinyanga kwa makapi ya majani chai na gundi ya unga wa ngano. Mbao na mawe niliwaachia wazee.

Kila wiki mbili unaweka kazi yako katikati ya darasa, wenzako wanaikosoa. Tulikuwa na mama mmoja wa Chebunyo, aliyelea watoto mpaka wakamaliza shule ndipo naye akarudi kusoma. Akaibonyeza sanamu kiunoni.

"Msichana, hii umeweka nene sana. Nje imekauka, ndani bado ni maji. Itaoza."

"Mama, hii ni sanaa," nikamwambia. "Si kukandika nyumba."

Darasa likacheka. Mimi nikawashinda wote kwa kucheka.

Mkutano uliofuata wa kukosoana akarudia. Mwalimu naye akaniandikia hivyo hivyo kwa karatasi. Nikaikunja, nikaiweka chini ya mguu wa meza iliyokuwa inayumba. Ndugu zangu, nawaambia, mjinga hahitaji adui.

Na marafiki nilikuwa nao! Wakipiga picha na sanamu, wakisema nimewaacha wote mbali. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuitazama kwa dakika nzima.

Siku ya maonyesho, mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima. Ukumbi ulinuka kama gunia lililomwagikiwa maziwa. Rafiki yangu mmoja, pua amekunja, akawaeleza wageni eti harufu ni sehemu ya ujumbe, eti ni uchungu wa mfanyakazi. Na watu wazima wenye tai wakaitikia kwa vichwa!

Mama yangu, aliyechuma chai tangu kabla sijazaliwa, alikuja na nguo zake za Jumapili. Akasimama mbele ya kile kitu.

"Huyu ndiye mimi?"

Kabla sijajibu, kiuno kikavunjika. Nusu ya juu ikaanguka sakafuni, ikapasuka, funza wakatoka. Marafiki wangu ndio waliotangulia mlangoni. Mama yangu alivua leso yake, akafunika ule uso ulioanguka. Hapo ndipo nilipolia.

Mama wa Chebunyo akaja na fagio mbili.

"Kwa nini ulikuwa unanisumbua kila mara?" nikamuuliza, bado nina kiburi hata na machozi.

"Nilitaka uwe na kidogo cha kufagia. Shika huu."

Wiki iliyofuata nikaenda kwake Chebunyo. Alikuwa anakandika jikoni. Akanionyesha: fito kwanza, udongo mwembamba, ungoje ukauke, uzibe nyufa, ndipo uweke mwingine. Nikaanza sanamu upya hivyo. Kila mkutano nikauliza, "Wapi pabaya?" Akasema mgongo unadanganya, haujainama kama wa mchuma chai. Nikaubomoa mara mbili. Sikuwa wa kwanza darasani, lakini mama yangu alipoiona ya pili aliugusa mgongo, akasema, "Eeh. Hapo ndipo panaponiuma."

Kwa hivyo namshukuru mama yangu, na mwalimu niliyemdharau. Wale waliokuwa wananisifu bila kutazama, sina cha kuwashukuru. Sifa ya namna hiyo ni uvivu uliovaa vizuri, na hata humu kanisani tunao wengi. Anayekuambia pabaya amekupa muda wake. Msikilize, hata kama anakuudhi.

Mama wa Chebunyo nilimwalika leo nimshukuru mbele yenu. Akakataa. Alisema mahali watu wanapopiga makofi kabla mtu hajamaliza kusema hapamfai. Basi nawaomba msipige. Nikishakaa, mmoja wenu aje aniambie ni wapi nimewachosha. Kongoi, asanteni.