Mwalimu Tochi na Swali la Mionzi

Tarehe thelathini ya mwezi huu, mwalimu wetu wa fizikia anastaafu baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi, yote katika shule hii, na yote katika maabara ileile yenye bomba linalovuja. Wanafunzi wanamwita Mwalimu Tochi kwa sababu mfuko wa koti lake jeupe haujawahi kukosa tochi. Jina hilo amelizoea kiasi kwamba ukimwita kwa lile la kwenye hati ya mshahara hageuki.

Alikuja akiwa msichana aliyetoka chuoni juzijuzi, akapewa madarasa ambayo wenzake waliyakwepa. Baadaye akawa mlezi wa bweni, kisha mkuu wa idara ya sayansi, na kwa muhula mmoja tu, mwalimu wa michezo. Kuhusu michezo hatutasema mengi. Timu ilifungwa mpaka golikipa akaomba kuhamia kwaya.

Mimi nafundisha kemia chumba cha pili, kwa hiyo kelele zake nazijua. Nyuklia ndiyo mada ya mwisho kwenye muhtasari, na wengi wetu tungeipitia juujuu tukamwachia Mungu. Yeye huirudia kila mwaka mpaka mtihani unapoingia. Hutia vifuniko vya soda kwenye kopo, hutikisa, humwaga mezani, na vilivyolala chali huondolewa kama atomi zilizokwisha kutoa mionzi yake. Huondoka kama nusu hivi. Ukirudia, huondoka nusu ya vilivyobaki. Na hakosekani mjuaji wa kuapa kwamba nusu mbili zikishapita, hakibaki kitu. Mjuaji huyo hupewa kopo alitikise mwenyewe hadi mkono umuume. Vipindi vyangu vingi vimevurugwa na kopo hilo, na leo namsamehe kwa kuwa anaondoka.

Mwaka huu, kwenye mtihani wa majaribio, aliweka swali fupi: mtu aliyepigwa mionzi hospitalini, je, naye huanza kutoa mionzi? Karibu darasa zima lilijibu ndiyo. Msichana mmoja wa dawati la nyuma, mpole ambaye hatukuwahi kumsikia akibisha, alijibu ndiyo na kuongeza kwamba mgonjwa huyo atengewe sahani na alale peke yake. Alipokosa alama alikuja ofisi ya walimu kubisha, tena kwa sauti.

Mwalimu Tochi hakubishana naye. Alimuuliza tu ni nani nyumbani kwao anayelala peke yake. Msichana akaangua kilio. Mama yake alikuwa na saratani ya titi na ameanza tiba ya mionzi. Tangu tiba ianze, binti alikuwa amehamia sebuleni, na chakula cha mama alikiacha mlangoni. Mama naye aliamini mwanawe anamwonea kinyaa.

Mwingine angemwambia palepale asiogope. Mwalimu Tochi alimtuma kwanza akaulize hospitali ni tiba ya namna gani, maana zipo dawa za mionzi za kumeza au kudungwa, na hizo zina masharti yake. Jibu likarudi kwamba ni mashine, inammulika mgonjwa kwa nje, kisha inazimwa.

Kipindi kilichofuata alifunga mapazia ya maabara, akamulika ukuta kwa tochi, akazima. Akauliza darasa kama ukuta bado unawaka. Kisha akajipaka unga wa chaki kiganjani, akamshika bega kijana wa mbele, na bega likabaki jeupe. Hapo, alisema, ni kama zile dawa za mionzi: kitu chenyewe kimekuganda na unatembea nacho. Msichana hakumtaja, wala mama yake. Mimi nilikuwa mlangoni, nimekuja kulalamikia kelele, nikajikuta nimesimama mpaka mwisho wa kipindi.

Mtihani wa taifa umekwisha wiki iliyopita, na matokeo bado. Lakini juzi mama mmoja, mwembamba na mchangamfu, alikuja ofisini akimtafuta Mwalimu Tochi. Habari za alama hakuziuliza. Alisema binti yake amerudi kulala naye, kitanda kimoja, na sasa tatizo ni lingine. "Ananivutia shuka usiku kucha, mwalimu. Hebu mseme!" Wakacheka wote wawili, kisha wakashikana mikono. Sisi wengine tukajitia kusahihisha madaftari.

Dada yetu, ahsante kwa kutufundisha na sisi tuliodhani tumeshahitimu. Tutakukosa, na kimya cha maabara yako kitanitesa mimi kuliko wote. Nenda ukapumzike na mzee wako na wajukuu. Tunakuombea afya, usingizi mzito, na siku zote awepo mtu wa kukuvutia shuka.