Mawe Chini ya Sakafu Yangu

Asifiwe Bwana, aliyetutoa ndani ya nyumba yangu mwenyewe tukiwa hai, mimi na watoto wangu! Ndugu zangu, mnanijua kama Mama Furaha, mnaniona kila Jumapili. Lakini nyumba yetu ya kwanza hamkuiona. Leo nitaisema, ingawa nikiikumbuka mwili bado unanisisimka.

Ilikuwa miaka ile ya tisini, kazi ya kampuni ya madini ilipokufa hapa Likasi. Mume wangu alikuwa mtu wa kiwandani, kule Panda. Mshahara ukakatika, posho ya unga ikakatika, mwishowe tukatakiwa kuhama nyumba ya kambi. Baba Furaha akaenda Kapolowe kulima mahindi ili tupate kula. Nikabaki na watoto na kiwanja kitupu pembeni mwa mji. Siku ya kuondoka aliniambia, "Mama, ni weye utasimamia kazi ya kujenga. Tafuta fundi muzuri."

Ningemtafuta wapi? Mambo ya msingi na ukuta sikuyajua. Katika kanisa tulilosali wakati ule kulikuwa na ndugu mmoja, Mwamba, fundi wa kujenga. Yeye ndiye aliyeongoza nyimbo, na akianza kuimba watu wanalia. Nikasema, mtu wa maombi hivi hawezi kunidhuru. Sikuuliza amemjengea nani. Sikwenda kuangalia hata ukuta wake mmoja!

Mwamba alifanya kazi upesi. Mawe ya msingi na ya kujaza chini ya sakafu aliyaleta kwa lori la wachimbaji, nami nikamshukuru Mungu kwamba sikuhangaika kuyatafuta. Chumba kimoja kilipoezekwa, tukaingia na watoto. Tulilala chini, juu ya mikeka. Nilicheza siku ile, ndugu zangu! Nyumba yangu!

Ikabaki milango. Nikamwita seremala, Baba Kalenga, Mkatoliki, mtu wa maneno machache. Alikuja asubuhi na kamba yake ya kupimia. Karibu na mlango kulikuwa na rundo la mawe yaliyobaki, mengine yana rangi ya njano, mengine kijani. Mtoto wangu mdogo, Sami, alikuwa amekaa pale anacheza. Baba Kalenga akainama, akainua jiwe moja, akalipima mkononi. Lilikuwa zito kuliko ukubwa wake. Akalitupa kama mtu aliyeshika kaa la moto.

"Mama, hii majiwe inatoka wapi?"

"Fundi ndiye aliyeleta, na lori."

"Lori ya Shinkolobwe?"

"Sijui, baba."

"Miye najua. Baba yangu alitumika kule, ku mugodi ile ya zamani yenye ilifungwa. Hii majiwe iko na uranium, sumu yenye haionekane na macho. Miye siingie humu. Batoto balale kwingine, mama, leo leo!"

Akafunga kamba yake, akaondoka bila kupima mlango. Nikageuka kumtazama Sami. Alikuwa na kijiwe cha njano mdomoni, anakifyonza kama pipi.

Nilipiga kelele! Nilikitoa kwa kidole, nikamwosha mdomo mpaka akalia. Wiki ile alikuwa ametoka damu puani, nami nilidhani ni vumbi la kiangazi. Mpaka leo sijui ilikuwa nini.

Mwamba alipofika nilimwambia yote. Akacheka. "Mama Furaha, weye muntu ya Mungu unaogopa majiwe? Ile ni roho ya woga. Kemea!" Akaniwekea mkono kichwani, akaomba kwa nguvu, nami nikaitika amina. Lakini alipoondoka, woga ulibaki palepale. Nikaukemea, ukazidi. Nilikiangalia kifua cha Sami kikipanda na kushuka juu ya ile sakafu, nikahisi kama kuna kitu chini kinanisikiliza.

Mwishowe nikaomba maneno mengine. Nikasema, Bwana, kama woga huu umetoka kwa adui, uuondoe. Kama umetoka kwako, nionyeshe.

Nikaenda nyumbani kwa Mwamba, kule Kikula, kumuuliza tena habari za mawe. Hakuwepo. Mkewe, Mama Sifa, alikuwa jikoni anakoroga unga wa bukari. Nikamwambia kwa nia njema kabisa, "Mama Sifa, njoo Jumapili na watoto. Tuombee nyumba mpya, tule pamoja."

Akaacha kukoroga. "Mama, ingekuwa muzuri. Lakini baba yao alikataza."

"Alikataza nini?"

"Batoto basifike kwako. Alisema basikanyage mule ndani, basikunywe hata maji." Kisha akaniona uso wangu. "Mama, weye haukujua? Miye nilifikiri unajua!"

Ndugu zangu! Mtu aliyeniambia nikemee woga alikuwa anauogopa msingi wangu kuliko mimi!

Sikumngoja. Nilikimbia, nikawatoa watoto na mikeka, jirani akatupokea. Baba Furaha alikuja kutoka Kapolowe. Alikuja mtu mmoja pia, akataka kuinunua nyumba vilevile ilivyo, naye ana mke mwenye mimba. Tulikuwa na njaa! Mume wangu alinitazama, nikatikisa kichwa. Tukamweleza kilichokuwa chini, akaondoka. Tukang'oa mabati, tukabomoa kuta ili asiingie mwingine. Na ni nani aliyetusaidia kuyarudisha mawe kule yalikotoka? Baba Kalenga, seremala, kitambaa amejifunga mdomoni. Alikuwa na woga kama wetu, lakini alikuja.

Nyumba tunayokaa sasa, yeye ndiye aliyetutafutia fundi. Kabla ya kumpa kazi nilikwenda kwa mama mmoja aliyejengewa naye, nikakaa ndani ya nyumba yake, nikamuuliza kila kitu. Mawe nikayafuata mwenyewe mtoni, nikayaona yakipakiwa.

Sami ni kijana sasa. Mungu amemlinda! Lakini sitawadanganya: akikohoa tu, moyo wangu unasimama, narudi kwa Bwana tena.

Wewe unayenisikia, labda kuna kitu kinakutisha, na watu wanakwambia ni kukosa imani. Usikimbilie kukikemea. Mpelekee Yesu, umuulize. Hatakucheka. Mimi alinijibu kwa mdomo wa mwanamke aliyekuwa anapika bukari. Mwamini, ndugu yangu, na akikwambia toka, chukua watoto utoke! Utukufu ni wake. Amina.