Klachi ya Mshonaji

Benchi la kijiwe liliegemea ukuta wa duka la vipuri lililofungwa siku nyingi, na pengine ndiyo maana kila aliyelikalia alijiona fundi. Jioni hiyo Mshonaji alifika na gari lake kinyumenyume. Lilikuwa limemshinda katikati ya mlima, na kesho asubuhi alitakiwa kuupanda mlima huohuo, ampeleke mama yake hospitali akafunguliwe bandeji za macho.

— Umeshuka mlima wote kwa rivasi, akasema Profesa, ambaye uprofesa wake aliupata hapohapo benchini. Kugeuka hukufundishwa?

— Nikikanyaga mafuta injini inapiga kelele, gari haliendi, Mshonaji akajibu. Na linanuka kama nguo iliyoungua na pasi.

— Wewe kila kitu pasi. Hayo ni mafuta machafu.

— Mafuta wapi, akadakia Lori, dereva mstaafu, akipuliza kahawa yake. Gari limezoea tambarare. Likiona mlima linaogopa. Mimi langu nilikuwa nalibembeleza.

— Basi ni rangi, akasema Profesa. Jeupe hilo. Jua linalisukuma nyuma.

Wakacheka. Mshonaji hakucheka. Miaka yote alikuwa amewacheka wenzake hapahapa, kwa maneno hayahaya. Leo alitafuta mtu wa kumwambia kwamba hataki mama yake akae gizani hata siku moja zaidi, hakumwona.

Mwanamke mwenye ovaroli, fundi wa gereji ya kona, alikuja kununua kahawa.

— Klachi mmeijaribu? akauliza.

Profesa na Lori wakatazamana. Fundi akamgeukia Mshonaji.

— Haya, kaka, washa gari, vuta breki ya mkono. Tia gia ya nne. Sasa achia klachi taratibu. Ikiwa nzima, injini itazima.

Mshonaji akaachia hadi mwisho. Injini ikaendelea kunguruma, haina habari.

— Sahani ya klachi imelika, haishiki tena, akasema yule fundi. Ukilazimisha kesho mtakwama mlimani. Mama mpandishe teksi. Mimi nitashusha gia boksi nibadilishe klachi.

— Dada, nilikuwa naelekea hukohuko kwenye klachi, akasema Profesa.

— Vizuri. Gereji ni pale. Nani anakuja kusukuma?

Lori akachungulia kikombe chake, nacho kilikuwa kitupu. Profesa akakumbuka goti. Mshonaji na yule fundi wakaweka mabega, mmoja kila upande, na nyuma yao sauti ya Lori ikawafuata ikiwaelekeza namna ya kukata kona. Mshonaji hakugeuka. Alibaki gereji akishika taa na kupokea vyuma vyenye grisi mpaka sahani ile ikatoka, nyembamba, nyeusi, imeungua.

Asubuhi, hospitalini, bandeji zilipotoka, mama alikodoa macho kwa muda mrefu. Kisha akaushika mkono wa mwanawe na kuuleta karibu.

— Kucha zako nyeusi, akasema. Siku hizi unashona nini?