Mwalimu Jael Randu na Watoto wa Nyuma ya Ukuta

Mwalimu Jael Randu alizaliwa tarehe 9 Juni 1943 huko Kaloleni, binti wa tatu wa Mzee Randu Nguma. Alisoma shule ya misheni ya hapo kwao, akaenda chuo cha ualimu, na mwaka 1965 akaanza kufundisha.

Mwaka 1967 alifunga ndoa na Bwana Ngowa Masha, mfanyakazi wa bandari pale Kipevu, aliyezoea kutania kwamba mkewe akimwita kwa ile sauti yake kubwa, anayeitika ni jirani wa nyumba ya tatu.

Mwaka 1984 alikuja Utange kuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi. Miaka ile serikali ilikuwa ikijitua mzigo. Wazazi waliambiwa shule ni zao, wajenge wenyewe. Ilipofika 1992, nchi nzima ikizungumzia vyama vingi, mfanyabiashara mmoja alipewa nusu ya uwanja wa shule. Akajenga akademi, shule ya kulipia, akainua ukuta wa mawe katikati, kisha akamfuata mwalimu.

"Njoo kwangu uwe mkuu. Nyumba ipo, na watoto ni wachache."

"Na hawa nimwachie nani?"

"Serikali."

"Serikali imeniachia mimi," akajibu, akachukua chaki akaenda zake.

Kwa uhaba wa vyumba, darasa la nne lilikaa nje, kwenye kivuli cha ukuta uleule. Asubuhi moja aliuliza hesabu, wanafunzi wake wakanyamaza. Jibu likatoka upande wa pili, kwa vinywa vya watoto asiowaona.

"Vyema! Haya, ya pili!" akapaza sauti.

Msaidizi wake, Bi. Philister, alimwambia, "Mwalimu, wale wana walimu wao."

"Najua. Lakini wameitika."

Tangu hapo alifundisha pande zote mbili.

Januari 1995 mwenye akademi alitoweka, na watoto wakakuta lango lina kufuli. Walikuwa wakilia barabarani Mwalimu Jael alipotoka. Hawakumjua kwa sura. Aliposema tu, "Ingieni, wanangu," wote waligeuka kwa pamoja wakamkimbilia. Waliokuwapo wanasema hawajaona jambo kama lile.

Wazazi walinung'unika: watakaa wapi? Chifu akashauri wangoje kibali cha serikali.

"Tumngoje nani?" mwalimu akauliza. "Si tuliambiwa shule ni yetu?"

Kesho yake wazazi wa pande zote mbili waliubomoa ukuta, na kwa mawe yake wakajenga madarasa mawili.

Mwaka 1997 alianza kuugua figo. Alifariki tarehe 14 Machi 1998, bintiye Dhahabu akiwa amemshika mkono. Siku chache kabla alimwambia, "Shule isifungwe kwa ajili yangu. Watoto watanizika wakitoka darasani."

Ameacha mume, watoto wanne na wajukuu saba. Ni kwa agizo lake hilo tumekutana kumzika jioni hii, na wanaoingia sasa hivi langoni, mikoba mgongoni, ni wanafunzi wake. Tuwapishe wapite mbele.

Mola akupe pumziko jema, Mwalimu.